Mikono Iliyopanda: Mafunzo ya Ufundi wa Bustani katika Milima ya Usambara

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka 100 ya usharika wetu, kitabu hiki kimewaorodhesha, kama ipasavyo, wamisionari, wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa waliotutangulia. Mimi nimeombwa kuandika juu ya watu wasiomo katika orodha hizo, yaani mafundi wa bustani. Kila Jumapili tunapanda ngazi za mawe kutoka barabarani hadi mlango wa kanisa. Ukuta ulio chini ya ngazi hizo umeuzuia udongo wa mlima kwa mvua nyingi za masika. Aliyeujenga alijua kuuegemeza kidogo kuelekea mlimani na kuyaachia maji njia ya kutokea. Daftari la usharika liliandika ubatizo wa watu wa namna hiyo. Ufundi wao halikuuandika. Hilo ni deni, na makala haya ni sehemu ndogo ya kulilipa.

Bustani katika imani yetu

Maandiko Matakatifu yanamwonyesha mwanadamu wa kwanza akiwekwa bustanini ili ailime na kuitunza (Mwa. 2:15). Kazi hiyo alipewa kabla ya anguko. Kwa hiyo kulima si laana. Asubuhi ya ufufuo, Mariamu Magdalene alimdhania Bwana kuwa mtunza bustani (Yn. 20:15), wala Bwana hakumkemea kwa kumfananisha na mtu wa kazi hiyo. Martin Luther alifundisha kwamba wito wa Mungu haumhusu mtawa na kasisi pekee, bali na kila afanyaye kazi ya halali kwa faida ya jirani yake. Yeye mwenyewe alikuwa na bustani huko Wittenberg, na alimwandikia rafiki yake Wenzeslaus Link wa Nürnberg akimwomba mbegu.

Ufundi uliotangulia misheni

Wamisionari Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walipofungua kituo cha Mlalo mwaka 1891, hawakukuta nyika tupu. Walikuta migomba iliyopangwa kwa akili, mifereji ya maji iliyofuata miteremko, na wazee waliojua ni udongo upi ufaao kwa zao lipi. Mafunzo ya ufundi huo yalikuwapo pia. Mtoto alimfuata baba au mjomba shambani, akaanza kwa kubeba, kisha akashika jembe, na mwisho akaaminiwa kuchimba mfereji peke yake. Hapakuwa na cheti, lakini mtihani ulikuwapo: maji yalifika au hayakufika.

Milima hii nayo ilitoa zawadi kwa bustani za dunia. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani, aliliona ua dogo la zambarau katika Usambara, na mbegu zake zikafika Ujerumani kupitia kwa baba yake. Mwaka 1893 ua hilo lilipewa jina la kisayansi la Saintpaulia na Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen, Hannover. Wendland alikuwa mtunza bustani, mwana na mjukuu wa watunza bustani wa mahali hapohapo. Ujuzi uliorithishwa kwa vizazi vitatu ndio uliomwezesha kutambua kwamba alichopokea ni kitu kipya.

Misheni, Amani na Lutindi

Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, Usambara ya Mashariki, kikapandwa miti kutoka pande nyingi za dunia. Wataalamu waliandika vitabu. Lakini miche haioti kwa vitabu. Wenyeji ndio waliofyeka, wakachanganya udongo wa vitalu, wakamwagilia na kuhamisha miche.

Huko Lutindi, palipofunguliwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, kazi ya shamba na bustani ilihesabiwa kuwa sehemu ya uponyaji. Utaratibu huo ulifanana na ule wa Bethel, Ujerumani, ambako Friedrich von Bodelschwingh aliwapa wagonjwa wa kifafa kazi za mikono ili wapate heshima pamoja na matunzo.

Amri bila mafunzo

Historia ya kweli haina budi kutaja na upande wa pili. Kabla ya vita vya 1914, katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, wanaume walipewa kadi za kazi na kulazimishwa kuwafanyia Wazungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Wengi walishika jembe la mwingine kwa hofu, na hofu si mwalimu wa ufundi.

Jambo hilo lilijirudia wakati wa Waingereza. Kuanzia mwaka 1946 mradi wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo uliwaamuru wakulima kuchimba matuta ya kuzuia maji. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, na nia ya kuuzuia ilikuwa njema. Lakini matuta yaliletwa kwa sheria na adhabu, watu wakapinga, na mradi ukaachwa kabla ya uhuru. Mwaka 1981 ulianza mradi mwingine wa kuhifadhi udongo, wa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani. Huo ulisisitiza majani na miti iliyopandwa kukata mteremko, pamoja na kumshirikisha mkulima mwenyewe. Majani hayo yangalipo katika mashamba mengi. Mlima ni uleule na mvua ni ileile. Kilichobadilika ni namna ya kufundisha.

Nami nakiri kosa langu. Nilipokuwa mchungaji kijana, vijana wa kipaimara waliochelewa darasani niliwapa adhabu ya kupalilia uwanja wa kanisa. Siku moja mzee aliyetunza bustani ya usharika alinijia ofisini, akavua kofia, akasema kwa upole, "Baba Mchungaji, hiyo uliyowapa kuwa adhabu ndiyo kazi yangu." Sikuwa na jibu. Mzee huyo alijua kubebesha miche ya miparachichi na kupogoa miplamu, na katika miaka yote aliyotutumikia hatukumpa hata kijana mmoja wa kumrithi. Alipofariki, tulimzika kwa heshima, lakini ujuzi wake tuliuzika pamoja naye. Miplamu iliyo nyuma ya ofisi ingali hai. Matawi yake yamesongamana, na matunda yake ni madogo.

Uanagenzi ni nini

Uanagenzi ni agano kati ya fundi, mwanafunzi na jamii. Huko Ujerumani, chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi, mwanagenzi wa bustani hujifunza kwa kawaida miaka mitatu. Sehemu kubwa ya juma yuko kazini pamoja na fundi, na siku moja au mbili yuko shuleni. Fani yenyewe ina matawi saba, yakiwamo mboga, matunda, maua, utunzaji wa makaburi, na ujenzi wa bustani na mandhari. Katika tawi hilo la mwisho kijana hujifunza kupima mteremko kwa kamba na pimamaji, kujenga ngazi na kuta za mawe, kutandaza njia na kuongoza maji ya mvua, na pia kuijua mimea. Mwishoni hufanya mtihani, na akiendelea aweza kuwa fundi mkuu mwenye haki ya kufundisha wengine.

Nchini kwetu, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ililenga kuunganisha darasa na shamba, ijapokuwa katika shule nyingi shamba liligeuka kuwa adhabu, kama lilivyogeuka mikononi mwangu. Sheria ya mwaka 1994 iliianzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ambayo pia ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini, nje ya darasa. Maana yake, fundi aliyejifunza kwa baba yake aweza kupewa cheti kwa kile anachokijua.

Karne ya pili

Wapendwa washarika na wageni wetu wa dayosisi, vijana wetu wengi humaliza shule na kushuka Tanga au Dar es Salaam bila ufundi wowote, huku miteremko yetu ikibomoka kwa kukosa mikono inayojua. Napendekeza usharika uanze karne ya pili kwa kitalu kimoja, mafundi wawili na wanagenzi wachache, wenye mkataba ulioandikwa, posho, na njia ya kufikia mtihani wa VETA. Napendekeza pia majina ya mafundi hao na ya wanagenzi wao yaandikwe katika daftari la usharika, kando ya wainjilisti na wazee wa kanisa.

Na kazi ya kwanza iwe miplamu ile iliyo nyuma ya ofisi. Bwana wa shamba, anayezijua hata kazi zisizoandikwa, aithibitishe kazi ya mikono hiyo.