Dave Toub, Kocha Anayesemwa Mambo Yakiharibika

Januari 12, 2020, katika uwanja wa Arrowhead mjini Kansas City, mchezo wa mtoano wa NFL ulikuwa haujafika hata mapumziko na wenyeji Chiefs walishakuwa nyuma kwa pointi 24-0 mbele ya Houston Texans. Wa kulaumiwa alijulikana mapema. Mkwaju wa Chiefs ulizuiwa, mpinzani akauokota mpira na kuingia nao golini. Muda mfupi baadaye Tyreek Hill, mmoja wa watu wenye mbio kuliko wote katika ligi hiyo ya futiboli ya Kimarekani, aliuachia mpira uliokuwa ukishuka kutoka angani, ukamponyoka karibu kabisa na goli lake. Makosa yote mawili yalikuwa katika idara ya mtu mmoja, Dave Toub, kocha wa vikosi maalumu wa Chiefs.

Kibao kikageuka. Mecole Hardman wa Chiefs aliupokea mkwaju wa kuanzia na kuurudisha yadi 58. Texans wakajaribu hila: wakajipanga kama wanaopiga mpira mbali, kumbe wamempa beki wao Justin Reid akimbie nao. Daniel Sorensen akamwangusha. Sorensen huyohuyo, kwenye mkwaju uliofuata, akamgonga mpokeaji hadi mpira ukamtoka mikononi. Walipokwenda mapumziko Chiefs walikuwa mbele 28-24. Mwisho wa mchezo ubao ulisoma 51-31, na wiki tatu baadaye wakabeba Super Bowl, taji waliloliota kwa miaka 50.

Sifa zilimwendea Patrick Mahomes, kwotabeki aliyetoa pasi tano za kufunga siku ile, na alizistahili. Lakini ukiurudia mchezo ule taratibu utaona kwamba Chiefs walizama na kuibuka kupitia mlango uleule. Ndivyo kazi ya Toub ilivyo.

Kwa msomaji aliyezoea raga, jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba timu ya futiboli ni timu tatu ndani ya jezi moja. Kuna wanaoshambulia na kuna wanaolinda, na kwa kawaida hawachanganyiki. Kundi la tatu hutoka pale tu mpira unapopigwa kwa mguu: kuanzisha mchezo, kulenga kati ya nguzo, au kuusukuma mpira mbali baada ya washambuliaji kushindwa kusonga yadi 10 katika nafasi tatu za kwanza kati ya nne walizopewa. Hivyo ndivyo vikosi maalumu. Askari wao wengi ni wachezaji wa akiba na chipukizi wanaotafuta mkate. Akiumia beki wa kwanza, wa akiba anapanda, na kocha wa vikosi maalumu anabaki na pengo siku tatu kabla ya mchezo. Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga, alipitia hapo: mwishoni mwa mwaka 2013 Indianapolis Colts walimwingiza uwanjani kwenye vikosi hivyo.

Zamani kazi hii haikuwa na mwenyewe. Wasaidizi waligawana dakika chache za mazoezi, kila mmoja akaongeza mzigo huo juu ya wake. Mwaka 1969 George Allen wa Los Angeles Rams alimwajiri kijana Dick Vermeil kwa kazi hiyo peke yake, na mwaka huohuo Philadelphia Eagles wakampa Marv Levy jukumu kama hilo. Wote wawili baadaye walikuwa makocha wakuu. Vermeil alitwaa Super Bowl akiwa na Rams. Levy aliwafikisha Buffalo Bills kwenye fainali nne mfululizo na akashindwa zote. Ya kwanza, Januari 1991, aliipoteza 20-19 baada ya mkwaju wa mwisho wa yadi 47 kwenda nje ya nguzo. Mtu aliyeanzia kwenye mikwaju alihukumiwa na mkwaju.

Toub aliingia kwa mlango wa nyuma. Alizaliwa mwaka 1962, akacheza safu ya mbele katika Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Eagles walimchagua raundi ya 9 mwaka 1985, lakini hakupata maisha ya uchezaji. Akarudi chuoni kufundisha wenzake kunyanyua vyuma. Kwenye benchi hilohilo la ufundi, El Paso na baadaye Chuo Kikuu cha Missouri, alikuwapo kijana mmoja aliyefundisha safu ya mbele, Andy Reid. Toub alikaa miaka mingi kwenye vyuma kabla ya kupewa kundi la wachezaji wa kufundisha uwanjani. Reid alipokuwa kocha mkuu wa Eagles, alimwita mwaka 2001 awe msaidizi wa John Harbaugh, aliyekuwa akiongoza vikosi maalumu.

Miaka mitatu chini ya Harbaugh ilimtosha. Mwaka 2004 Chicago Bears walimkabidhi vikosi vyao, na miaka miwili baadaye akaletewa zawadi ambayo makocha wengi wa fani hii hustaafu bila kuipata: Devin Hester. Katika msimu wake wa kwanza Hester alirudisha mikwaju sita hadi golini. Oktoba 2006, jangwani Arizona, Bears walikuwa nyuma 20-0. Safu yao ya ushambuliaji haikupata hata tachidauni moja, yaani kuufikisha mpira golini, usiku ule, lakini walishinda 24-23, na tachidauni iliyowavusha ilitoka miguuni mwa Hester, yadi 83. Februari 4, 2007, mjini Miami, aliupokea mkwaju wa kwanza kabisa wa Super Bowl na kukimbia nao yadi 92 moja kwa moja. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Bears walifungwa 29-17.

Hester alikuwa na kipaji cha kuzaliwa, hilo halina ubishi. Hata hivyo, kipaji hakimwondoi mkabaji njiani. Watu kumi mbele yake ndio waliofungua uchochoro, na hao walifundishwa na Toub. Aliyetaka ushahidi aliupata Septemba 2011 dhidi ya Green Bay Packers. Mpira ulipigwa kuelekea upande mmoja wa uwanja. Hester akakimbilia upande wa pili, akainua macho na kujipanga kama anayeudaka, na wachezaji wenzake wakamiminika kumlinda. Packers wakamfuata wote. Upande ambao mpira ulishukia kweli, Johnny Knox aliudaka peke yake na kukimbia yadi 89 hadi golini bila kuguswa. Mwamuzi akafuta kila kitu kwa kosa la mwenzao kumshika mpinzani. Nimeitazama picha ya video ile mara nyingi kuliko magoli halali ya msimu ule.

Mwaka huohuo ligi ilianza kuikata kazi yake vipande. Watu wenye uzito wa kilo mia na zaidi wakikimbiliana kutoka mbali huumizana vibaya, hasa vichwani, kwa hiyo mkwaju wa kuanzia ulisogezwa mbele kutoka yadi ya 30 hadi ya 35 ili mpira upite golini na usirudishwe. Mwaka 2023 ikaongezwa kanuni ya kumruhusu mpokeaji kuudaka bila kukimbia na timu yake ikapewa yadi ya 25. Makocha wa fani hiyo waliipinga kwa sauti. Hatimaye katika Super Bowl ya Februari 2024, mjini Las Vegas, hakuna hata mkwaju mmoja wa kuanzia uliorudishwa.

Toub, aliyemfuata Andy Reid kwenye Chiefs mjini Kansas City mwaka 2013, alikuwa uwanjani siku ile. Mkwaju wa kuanzia ulikuwa umekufa, lakini mikwaju mingine iliamua fainali. Mpira wa Chiefs ulimgusa mguuni mchezaji wa San Francisco 49ers, Chiefs wakaukimbilia, na mchezo uliofuata ukazaa tachidauni. Leo Chenal alizuia mkwaju wa pointi moja. Harrison Butker alifunga kutoka yadi 57, rekodi ya Super Bowl. Muda wa kawaida uliisha 19-19, kwa hiyo pointi ile moja ya Chenal ndiyo iliyowapa Chiefs muda wa nyongeza, na wakashinda 25-22. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Kadarius Toney alikuwa amerudisha mpira yadi 65 dhidi ya Eagles, masafa marefu kuliko yote katika historia ya fainali hiyo kwa mkwaju wa aina ile.

Kwa msimu wa 2024 ligi iliandika upya mkwaju wa kuanzia. Sasa wakimbiaji wa pande mbili husimama karibu na hawaruhusiwi kusogea mpaka mpira uguse ardhi au mpokeaji, na mikwaju iliyorudishwa ikaongezeka. Toub alianza mara moja kupiga hesabu: mpigaji naye sasa angelazimika kuangusha watu, na hakutaka Butker aumie. Akafikiria kumtumia beki anayejua kupiga mpira, Justin Reid, yuleyule aliyeangushwa kwenye hila ya 2020, ambaye Chiefs walikuwa wamemsajili na ambaye mwaka 2022 alishika nafasi ya Butker mchezoni alipoumia.

Denver walimwita Toub kwenye usaili wa ukocha mkuu mwaka 2017, kama Chicago walivyofanya 2013. Hakupewa. Harbaugh alipewa Baltimore mwaka 2008 na akatwaa Super Bowl, lakini klabu nyingi bado zinaogopa kumkabidhi timu mtu wa mikwaju. Kwangu hilo ni kosa, maana ndiye msaidizi anayewafundisha wachezaji wa ushambuliaji na wa ulinzi pia.

Hester aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa mjini Canton mwaka 2024. Levy na Vermeil walitangulia, wote kwa kazi yao ya ukocha mkuu. Kocha wa kwanza kuingizwa humo kwa kazi ya vikosi maalumu peke yake anapaswa kuwa Dave Toub.