Kuiaga Mombasa, Mlango kwa Mlango

Mwenye treni ya usiku Miritini ana siku nzima ya kuiaga Mombasa, na kisiwa chenyewe si kikubwa. Kwa asubuhi moja utakivuka kwa miguu, kutoka Mji wa Kale upande wa mashariki hadi Kilindini upande wa magharibi. Likizo zangu za pwani hupenda kuzimalizia kwa njia hiyo, kwa kuwa inafuata mpangilio wa historia yenyewe. Mombasa ni mji ambao mlango wake umekuwa ukihamishwa. Kila mtawala aliuweka palipomfaa, na kila ulipohama, waliobaki upande wa zamani walilazimika kutafuta riziki kwingine.

Mlango wa kale kuliko yote uko Bandari ya Zamani, chini ya vichochoro vya Ndia Kuu. Ibn Battuta, aliyepita hapa mwaka 1331, alikuta watu wacha Mungu, wenye misikiti imara ya mbao, ambao chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Nafaka hawakulima, waliletewa. Kisiwa kinacholetewa chakula kwa chombo kinajua thamani ya bandari yake. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, yakarudi na kusi yakiwa yamebeba pembe za ndovu na boriti za mikoko. Kati ya pepo hizo mbili wageni walipanga nyumba, wakaoa, wakajenga misikiti.

Utajiri huo ndio uliowavuta Wareno. Vasco da Gama alifika Aprili 1498, hakupokelewa vizuri, akaendelea hadi Malindi, alikopata urafiki. Miaka saba baadaye Francisco de Almeida aliushambulia mji, akaupora na kuuchoma. Hata hivyo mji ulifufuka, na mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus, ngome ambayo wenyeji huiita Ngomeni. Mchoro wake ni wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Ukisimama juu ya kuta zake utaelewa mara moja kwa nini iliwekwa pale: hakuna chombo kilichoweza kuingia Bandari ya Zamani bila kupita mbele ya mizinga yake. Aliyeshika ngome alishika mlango.

Ndiyo maana ngome hiyo haikupata utulivu. Mwaka 1631 Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa, aliwageuka na kumuua kamanda wao humo ndani. Machi 1696 Waomani wakaizingira, na mzingiro huo ukadumu hadi Desemba 1698. Njaa na maradhi viliwaua wengi kuliko risasi. Miongoni mwa walioilinda walikuwamo Waswahili wa Faza, waliokuwa na uhasama wao na Pate, iliyokuwa upande wa Waomani, kwa hiyo si sawa kuisimulia vita hiyo kama ya Wareno na Waarabu peke yao. Meli ya Kireno Santo António de Tanna, iliyoletwa kuwaokoa waliozingirwa, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wataalamu wa akiolojia walipiga mbizi kuichunguza katika miaka ya 1970, na vitu walivyovitoa utaviona leo katika jumba la makumbusho la hapo hapo. Wareno walirudi mwaka 1728, lakini mwaka uliofuata watu wa Mombasa wenyewe waliinuka na kuwatimua moja kwa moja.

Baada ya Wareno walikuja Wamazrui, ukoo wa magavana wenye asili ya Omani, kisha Seyyid Said wa Omani na Zanzibar, aliyeutwaa mji mwaka 1837. Waingereza walipoanza kutawala mwaka 1895 hawakuhitaji tena ngome ya kulinda majahazi. Waliigeuza gereza, na ikabaki hivyo hadi 1958.

Haja yao ilikuwa upande wa pili wa kisiwa. Mkondo wa Kilindini ni mpana na wenye kina, ukiweza kupokea meli za moshi zilizobeba reli, mataruma na injini. Hapo kisiwani ndipo ulipoanza mwaka 1896 ujenzi wa njia ya treni iliyofika Kisumu mwishoni mwa 1901. Kilindini haikuwa pori: Wakilindini ni moja ya Thelatha Taifa, yaani makundi matatu ya Waswahili wa Mombasa, pamoja na Watangana na Wachangamwe, na walikuwa na mji wao upande huo karne nyingi kabla ya gati la kwanza. Lakini sasa shughuli zote kubwa zilielekea huko. Abiria wenye uwezo walivushwa kutoka Mji wa Kale katika vigari vidogo vya reli vilivyosukumwa na watu. Makao ya serikali nayo yalihamia Nairobi mwaka 1905, na Mombasa, iliyokuwa mji mkuu, ikabaki kuwa bandari ya mji mwingine.

Mwendo wa leo kutoka mlango wa kwanza hadi wa pili unapita Marikiti, kwenye iliki, mdalasini na mabuyu, na mtaa wa Biashara, ambako huwezi kuondoka bila leso ya kupeleka nyumbani. Alasiri ni ya Mama Ngina Drive. Huko watu hukaa chini ya mibuyu wakila viazi karai na mihogo ya kukaanga, wakinywa madafu na kutazama meli za makasha zikiingia mkondoni polepole.

Mlango wa tatu hauko kisiwani kabisa. Tangu mwaka 2017 abiria wa Nairobi hapandi tena kwenye stesheni ya zamani katikati ya mji. Huvuka Makupa kwa matatu hadi Miritini, bara, kwenye kituo cha reli mpya ya kilomita 472 hivi. Reli hiyo ilileta ugomvi uleule wa zamani. Mwaka 2019 serikali iliagiza mizigo ya kwenda bara isafirishwe kwa treni. Madereva wa malori, wenye maghala na wauza vyakula wa kando ya barabara waliona riziki yao ikipitishwa mbele ya macho yao kwenda Nairobi, wakaandamana wiki baada ya wiki. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilikwenda kinyume cha Katiba.

Tukiuita Mombasa mji wa raha tunausifu nusu tu. Raha yake imetengenezwa na watu waliogombaniwa mlango wao na Wareno, Waomani, Waingereza na hatimaye na serikali yao wenyewe, na ambao kila mara walibaki wakipika, wakiuza na kupokea wageni. Mimi nikitoka Miritini usiku nalipa nauli tu. Wenyeji wameulipia mlango huo kwa zaidi ya miaka mia tano, na deni bado wanadaiwa.