Reale ya Sham: Ya kale, ya juzi au ya bandia?

Mwaka 2025 bei ya madini ya fedha ilivuka dola 50 za Marekani kwa wakia. Bei ikipanda hivyo, makasha ya bibi hufunguliwa. Mikufu, vikuku na sarafu zilizolala miaka na miaka hupelekwa kwa sonara kupimwa, na katikati ya mali halali hupenya mali ya kughushi. Katika mwambao wetu hakuna sarafu inayowachanganya watu kama ile ambayo wazee waliiita reale ya Sham: kipande kipana cha fedha, upande mmoja sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili. Kila moja imeandikwa 1780, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapolizwa.

Maria Theresa alifariki Novemba 1780. Austria iliendelea kuipiga chapa sarafu yake kwa mwaka uleule, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni na Ethiopia walishaizoea na hawakutaka kubahatisha na nyingine. Clara Semple, ambaye kitabu chake cha mwaka 2005, A Silver Legend, nimekitegemea sana katika makala haya, anaitazama kama fedha iliyojijengea heshima yenyewe. Naungana naye. Hakuna jeshi lililoilazimisha Zanzibar kuipokea, lakini ndiyo iliyonunua pembe za ndovu, karafuu na, kwa aibu ya historia, binadamu. Uzito wake ndio uliokuwa wakia ya Unguja, na wakia 16 zilifanya ratili moja. Masonara waliiyeyusha kufua vikuku na mitali, kwa kuwa walijua kilichomo ndani.

Mwaka 1882 Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alitoa reale yake mwenyewe, yenye maandishi ya Kiarabu, lakini haikuenea. Rupia ya Uhindi ilikuwa imeshaingia kwa kishindo, na mwaka 1936 ikaja shilingi.

Mwaka huohuo wa 1936, huko Ulaya, reale ya Sham ilikuwa imezua ugomvi mkubwa ambao wakusanyaji wanaulipia hadi leo. Mussolini, mtawala wa Italia, aliivamia Ethiopia Oktoba 1935, na katika masoko ya nchi hiyo reale ndiyo iliyoaminiwa. Kabla ya uvamizi alikuwa amewahi kupatana na Austria: Italia ikapewa haki ya kuipiga sarafu hiyo kwa miaka 25 pamoja na vyuma vya chapa, na kazi ikaanza Roma. Wafanyabiashara wa London waliokuwa wakiipeleka kwenye bandari za Bahari ya Shamu wakajikuta wamefungiwa mlango.

Uingereza haikukaa kimya. Ilijenga hoja kwamba Austria yenyewe iliifuta katika fedha halali tangu mwaka 1858. Kama si fedha halali ya nchi yoyote, basi ni bidhaa ya madini tu, na anayeitengeneza haghushi fedha ya mtu. Kwa hoja hiyo kiwanda cha sarafu cha London kikaanza kuipiga mwaka 1936. Paris nayo ilikuwa imekwisha kuanza, na Brussels ikafuata. Vita vilipofika Afrika Mashariki, Bombay ikaipiga mwaka 1940 na 1941, wakati Waingereza wakijipanga kuwang'oa Waitalia Ethiopia. Zote ziliandikwa 1780. Zote zilibeba chini ya kifua cha malkia herufi S.F., za majina ya Schöbl na Faby, maofisa wa kiwanda cha Günzburg cha karne ya 18.

Je, hizo ni bandia? Kwa maoni yangu, hapana. Zilikuwa na fedha kamili, na mwenye duka wa Aden hakupunjwa hata chembe. Lakini pia si sarafu za karne ya 18, na anayemuuzia mgeni reale ya Bombay kama ya enzi za malkia anamwibia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Austria ilipata tena haki yake, na Vienna inaipiga hadi leo.

Bandia hasa ni ile isiyo na fedha. Reale halali ina uzito wa gramu 28.07 na upana wa takriban milimita 40. Fedha ni sehemu 833 katika kila 1,000, iliyobaki ni shaba. Wanunuzi wa zamani walihesabu lulu kwenye taji na kwenye bizimu ya begani, kisha wakatafuta S.F. Mkusanyaji wa leo aanze na ukingo: uzungushe taratibu kwenye mwanga, usome maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yakiwa yameinuka kati ya mapambo. Ukiona ukingo mtupu, mshono wa kalibu au vitundu vidogo kama vya chapati, irudishe.

Kipimo cha pili ni cha maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani ya sonara, rudisha namba kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini. Reale halali itaongeza karibu gramu 2.75. Ya shaba ya manjano yenye uzito uleule itaongeza karibu 3.3. Mghushi hodari anaweza kuiga sura na hata uzito, lakini akitumia madini hafifu, maji yatamuumbua.

Maarifa haya yalikuwa ya kila sonara wa Mji Mkongwe na Lamu. Leo tunayatafuta katika vitabu vya wageni. Shuleni tunafundishwa karafuu na pembe, lakini hatuonyeshwi fedha iliyozilipia. Beit al-Ajaib, jumba la Barghash lililokuwa na makumbusho, liliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020. Litakapofunguliwa tena, reale ya Sham na reale ya Barghash zitastahili kabati lao, na mizani kando yake.

Hadi hapo, mnunuzi ajilinde. Usilipe bei ya ukale kwa sababu tu sarafu imeandikwa 1780. Lipa bei ya gramu 23.4 za fedha safi, na anayetaka zaidi ya hapo athibitishe ilipigwa wapi na lini.