Hadhira Inayotunza: Watazamaji katika Kumbi za Dar es Salaam

Historia ya sanaa za maonyesho jijini Dar es Salaam imeandikwa zaidi kwa kufuata vikundi na sera za serikali, ilhali mtazamaji, ambaye kiingilio chake ndicho kilichovilisha vikundi hivyo, hutajwa kwa kupita tu. Upungufu huo si mdogo, kwa kuwa katika kumbi za Kariakoo na vitongoji vya jirani mtazamaji alikuwa na sehemu yake katika onyesho, na aliitimiza mbele ya macho ya watu.

Mazoea hayo ni makongwe kuliko kumbi zenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, beni, yaani ngoma iliyoiga gwaride na bendi za kijeshi, iliwagawa wakazi katika pande za Marini na Arinoti, na aliyekwenda kutazama alikwenda pia kuupa nguvu upande wake. Baadaye zilistawi klabu za taarab kama Egyptian na Al-Watan, na katika miaka ya 1950 likajengwa Jumba la Arnautoglu, kwa fedha za Mgiriki George Arnautoglu, pale Mnazi Mmoja, eneo la wazi ambalo wakoloni walilitumia kuutenga mji wa Waafrika na Uhindini. Waingereza nao walikuwa na maigizo yao ya Kiingereza, ambayo hadhira yake ilitulia kimya hadi mwisho ndipo ikapiga makofi. Kaida hiyo haikuota mizizi Kariakoo.

Sehemu hiyo ya hadhira ilionekana wazi zaidi katika miaka ya 1990, wakati Muungano Cultural Troupe, chini ya Norbert Chenga, iliposhindana na Tanzania One Theatre (TOT), kundi la CCM lililoanzishwa mwaka 1992, mwaka ule ule wa kurejea kwa vyama vingi, na kuongozwa na Kapteni John Komba. Onyesho moja lilichukua saa nyingi na kuchanganya ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarab, na watu walikaa kwenye viti na meza zao wakinywa na kuzungumza, kila mmoja akiisubiri sehemu aliyoijia. Wengi waliijia taarab, hasa kwa sababu ya ushindani wa Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano, ambao nyimbo zao ziliitwa mipasho, yaani nyimbo za kumsema hasimu kwa vijembe.

Hapo ndipo desturi ya kutunza ilipopata uzito wake. Kutunza ni kumpa mwimbaji fedha wakati anapoimba, na kwa juujuu huonekana kuwa ni shukrani kwa sauti nzuri, jambo ambalo mara nyingi ndilo hasa lililokusudiwa. Lakini mwanamke aliyesikia ubeti unaolingana na ugomvi wake na jirani au mke mwenza aliweza kuinuka, akaelekea jukwaani kwa mwendo wa madaha, noti ikiwa juu mkononi, huku akitupa jicho upande alikoketi mbaya wake, na ukumbi mzima ukaelewa bila yeye kutamka neno. Ustadi wa desturi hii umo katika fumbo: mtunzi hakumtaja mtu, mtunzaji ametoa zawadi tu, na anayelalamika amejitaja mwenyewe. Kwa wanawake ambao heshima ya mtaa iliwazuia kugombana hadharani, ukumbi uliwapa nafasi ya kusema, na kuiita nafasi hiyo burudani tupu ni kuipunja.

Televisheni ilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, vichekesho na maigizo vilihamia humo polepole, kwani mtu angeweza kuvitazama nyumbani bila kiingilio. Taarab haikuhama kwa urahisi huo. Jahazi Modern Taarab ya Mzee Yussuf, iliyoanzishwa katika miaka ya 2000, ilijaza ukumbi wa Travertine, Magomeni, kwa vinanda vya umeme na vipaza sauti vikubwa, na bado kati ya viti na jukwaa iliachwa njia, ili mwenye lake la kusema apite na noti yake.