Kadisi Anayeibuka: Deni kwa James Leisenring

Katika uvuvi wa chambo cha manyoya, yaani uvuvi ambao ndoana huvikwa uzi, singa na manyoya ya ndege hadi ifanane na mdudu, imezoeleka kudai kwamba uigaji wa kadisi anayeibuka majini ulianza mwaka 1981, Mmarekani Gary LaFontaine alipochapisha kitabu chake Caddisflies. Dai hilo halimtendei haki James Leisenring wa Allentown, Pennsylvania, ambaye kitabu chake The Art of Tying the Wet Fly, alichokiandaa pamoja na Vernon Hidy, kilitoka mwaka 1941, Marekani ilipokuwa ikiingia vitani, na hadi leo hakisomwi inavyostahili.

Kadisi ni mdudu wa oda ya Trichoptera ambaye buu wake huishi chini ya maji, mara nyingi ndani ya ala ya mchanga au vijiti alivyovigandisha kwa hariri yake mwenyewe, na humo ndimo anamojifungia akawa pupa, kisha huikata ala, hupanda hadi juu na kujivua ngozi ili aruke. Wakati wa kupanda huko samaki aitwaye trauti humla kwa uchu mkubwa, jambo ambalo Frederic Halford na wafuasi wake wa kusini mwa Uingereza, walioshikilia chambo kinachoelea tu, hawakulipa uzito.

Wavuvi wa kaskazini, ambao vyambo vyao vilielezwa na W. C. Stewart mwaka 1857 na T. E. Pritt mwaka 1885, walifunga unyoya laini wa kwale mbele ya kiwiliwili chembamba, na hapo ndipo Leisenring alipochota. Yeye alisokota singa za wanyama kati ya nyuzi mbili za hariri zilizopakwa nta, akiichagua rangi ya hariri kwa makini kwa kuwa ingeonekana kupitia singa zikilowa, na kiwiliwili kilichofungwa hivyo hunasa viputo vya hewa. Kisha alikiacha chambo kizame, akakifuata kwa ncha ya ufito, na kilipokaribia maficho ya samaki alikizuia kidogo ili mkondo ukiinue kama mdudu aliye hai.

LaFontaine alipiga mbizi, akasema kwamba pupa hung'aa kwa sababu ya gesi iliyo chini ya ngozi yake, akaiga mng'ao huo kwa nyuzi za Antron zilizotengenezwa kiwandani. Maelezo yake kuhusu gesi yametiliwa shaka baadaye, ingawa chambo chenyewe huvua vizuri na sifa hiyo ni yake kihalali. Hata hivyo, hewa iliyonaswa na mwendo wa kupanda vilikuwa tayari katika kazi ya Leisenring, ambayo ilichapishwa upya mwaka 1971 pamoja na sura mpya za Hidy kuhusu wadudu wanaoibuka, miaka 10 kabla ya Caddisflies.