Wimbo wa Mama kwa Mtoto Mwenye Arosto

Leo tunamzungumzia mtoto mchanga anayelia usiku kucha kwa sababu mwili wake unadai dawa. Kule Pwani hali hiyo huitwa arosto.

Mama mjamzito akitumia heroini au vidonge vikali vya maumivu kama tramadol kwa muda mrefu, dawa humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma. Kitovu kikikatwa, dawa nayo hukatika ghafla. Mara nyingi ndani ya siku 3 mtoto huanza kutetemeka, kupiga chafya mfululizo, kuhara, na kulia kwa sauti nyembamba na kali. (Pombe humdhuru mtoto kwa njia yake, hiyo tutaipa siku yake.)

Mwaka 1975, daktari Loretta Finnegan wa Philadelphia, Marekani, alitoa jedwali la kuzipa alama dalili hizi, ili wauguzi wajue ni mtoto gani anahitaji dawa. Lilisaidia. Lakini kwa miaka mingi hospitali nyingi za huko zilimlaza mtoto mbali na mama, akipewa mofini kidogo kidogo, na mama akitazamwa kama mkosaji.

Mwaka 2013, Joanne Loewy wa New York alichapisha utafiti wa watoto njiti 272 katika hospitali 11. Waliimbiwa polepole, wimbo ukifuata pumzi zao. Mapigo ya moyo yalitulia, na wimbo uliochaguliwa na wazazi wenyewe ulipunguza hofu ya wazazi. Hao hawakuwa watoto wa arosto, nisiwadanganye. Lakini mwaka 2023 ulitoka utafiti wa watoto 1,305 wa arosto katika hospitali 26 za Marekani. Wauguzi waliuliza mambo 3 tu: ananyonya? analala? anabembelezeka? Mama akawa tiba ya kwanza. Watoto hao walikuwa tayari kwenda nyumbani baada ya siku 8 hivi, badala ya 15.

Sasa turudi kwetu. Miaka ya 1970, mtafiti Robert LeVine na wenzake waliishi Gusii wakiwatazama akina mama. Waliandika kwamba mtoto akilia hapa hubebwa au kunyonyeshwa upesi. Waliandika pia kwamba mama huongea kidogo na mtoto mchanga. Hapo mimi huguna, maana nyanya yangu hakubeba mtoto bila kuimba.

Basi mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, penye mwanga hafifu. Imba wimbo mmoja, kwa sauti ya chini. Redio iwe mbali na sikio lake. Akigeuza uso au kujikunja nyuma, nyamaza umshike tu. Usimpe dawa ya usingizi. Akishikwa na degedege, akikataa kunyonya au akitapika mfululizo, wimbo hautoshi, kimbia hospitali.

Na wewe mjamzito unayetumia vidonge hivyo, usiache ghafla peke yako. Ni hatari kwako na kwa mimba. Tiba ya methadoni ilianza Kenya Disemba 2014, katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Mama aliye kwenye tiba hiyo kwa kawaida huruhusiwa kunyonyesha. Mwambie muuguzi wa kliniki kabla ya kujifungua, ili mtoto akizaliwa tujue kwa nini analia.