Waungwana wa Esmeraldas

Mnamo mwaka 1553 merikebu ya Kihispania iliyokuwa ikisafiri kutoka Panama kwenda Peru, imepakia shehena pamoja na Waafrika 23 waliotekwa utumwani, wanaume 17 na wanawake 6, ilipigwa na tufani ikapasuka miambani katika pwani ya Esmeraldas, kaskazini-magharibi mwa nchi iitwayo leo Ekuador. Nao Waafrika wale, walipokwisha kukanyaga nchi kavu, waliingia msituni wala hawakurudi tena katika milki ya mtu.

Miongoni mwao alitokea Alonso de Illescas, mzaliwa wa Cabo Verde aliyelelewa Sevilla, aliyezijua lugha na hila za mabwana zake wa zamani, akaoa kwa wenyeji wa asili wa nchi ile, akatawala. Serikali ya Quito ilituma askari mara kwa mara, lakini mvua isiyokatika, mito iliyofura, na mikoko iliyosongamana midomoni mwa mito hiyo ikawashinda; hata mwaka 1577 akapelekwa padre Miguel Cabello Balboa kumpa Illescas msamaha na cheo cha uliwali. Kwa rai yangu, hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo: dola iliyokuwa ikiogopwa na nusu ya dunia inambembeleza mtu iliyekuwa ikimwita mtumwa.

Mwaka 1599 hakimu Juan del Barrio de Sepúlveda alimwagiza Andrés Sánchez Galque, mchoraji mwenyeji wa Quito, amchore Francisco de Arobe, mkuu wa ukoo mwingine wa pwani ile, pamoja na wanawe Pedro na Domingo, ili picha ipelekwe kwa Mfalme Felipe wa Tatu. Wamesimama watatu, mikuki mikononi, kola za Kihispania zenye marinda shingoni, majoho mabegani, na hazama na vipini vya dhahabu puani na masikioni. Kila atazamaye haoni dalili ya unyonge. Picha hiyo ni mali ya makumbusho ya Prado, Madrid.

Turathi waliyoiacha ingali hai. Samaki na kamba hupikwa kwa tui la nazi, jambo ambalo msomaji wa Lamu au Pemba hahitaji kuelezwa. Na marimba ya mbao za mchikichi wa msituni, yenye mianzi chini yake, hupigwa pamoja na ngoma katika sherehe, na mwaka 2015 UNESCO iliitambua kuwa urithi wa watu wa Ekuador na Kolombia kwa pamoja. Illescas naye alitangazwa shujaa wa taifa mwaka 1997.

Linalonihuzunisha ni mikoko. Sehemu kubwa imefyekwa ili yachimbwe mabwawa ya kufugia kamba wa kuuzwa ng'ambo, na wanawake waokotao chaza na kombe matopeni, ambao riziki yao yote imo humo, wanaitetea ile iliyosalia katika hifadhi ya Cayapas-Mataje, mpakani mwa Kolombia.